Jino la mbele la siku hiyohiyo: mi naangalia ufizi kwanza

Jamani tuongee hili la implanti za meno ya mbele, yani ile skrubu inayofungwa ndani ya mfupa ili ishike jino bandia, maana kila siku watu wanatumiana video, jino limeng'olewa asubuhi, mchana mtu anacheka na jino jipya, na kwenye komenti wote wanauliza bei. Mimi kazi yangu ni maabara ya meno, ndo sisi tunaochonga yale meno anayokuja kuyafunga daktari, na nikiziona hizo video jicho langu haliendi kwenye jino, linaenda kwenye ufizi.

Jino zuri siku hizi linatengenezeka. Zirkonia ipo, kauri ipo, tunapaka tabaka juu ya tabaka mpaka ncha ipitishe mwanga kidogo kama lile ulilozaliwa nalo. Kinachoumbua ni ufizi. Meno mawili ya mbele yamekaa jirani, moja lako moja la implanti, ufizi wa hili la implanti ukipanda hata milimita moja tu basi linaonekana refu kuliko mwenzake, na mtu akikutazama unacheka anajua kuna kitu hakijakaa sawa hata kama hawezi kukwambia ni nini.

Unapanda kwa sababu ya mfupa. Ule ukuta wa mfupa ulio upande wa mdomo kwenye meno ya mbele ya juu ni mwembamba mno, watu wengi hata milimita moja haufiki, na sehemu yake kubwa inaishi kwa kutegemea nyuzi zinazolishikilia jino. Ng'oa jino, nyuzi zinaondoka nalo, ukuta unaanza kulika taratibu. Zamani wengi waliamini ukiwahi kuweka skrubu ya titani palepale mfupa utabaki, ila mwaka 2005 watafiti Araújo, Lindhe na wenzao walijaribu kwa mbwa, wakaweka implanti mara tu baada ya kung'oa, na ukuta ukapungua vilevile. Kwa hiyo kuwahi peke yake hakukuokoi, kinachokuokoa ni mkono wa daktari: ang'oe bila kuuvunja ukuta, implanti aisogeze nyuma upande wa kaakaa asifuate tu tundu la jino, ile nafasi ya kama milimita 2 inayobaki mbele aijaze unga wa mfupa, na kama ufizi wako ni mwembamba achukue kanyama kaakaani akashonee pale. Ufizi mwembamba unajulikana kirahisi, daktari akipitisha kale kachuma ka kupimia kati ya jino na ufizi unakaona kanang'aa kwa ndani.

Na kama ukuta umeshavunjika kwa ajali ya bodaboda, au kuna usaha, mi ningekuwa ndugu yako ningekwambia subiri. Wiki 4 mpaka 8 ufizi ufunge kwanza, unavaa lile la kutoa na kuvaa, haikuui.

Afu hilo jino la siku hiyohiyo ni la muda! Hapa ndo watu wanaponiumiza roho. Tunalitengeneza kwa akriliki, plastiki ngumu tu, tunalipunguza lisigusane na ya chini, kwa sababu implanti inataka utulivu miezi 3 mpaka 6 mfupa uishike, sa mtu anatoka kliniki anaenda kung'ata hindi la kuchoma, yani lile jino si la kung'atia, kazi yake ni kuupa ufizi umbo. Tunaliongeza mabega kidogo pale linapoingia kwenye ufizi, tunapunguza, ufizi unafuata, mpaka zile pembetatu katikati ya meno zijae. Zisipojaa unabaki na kitundu cheusi, na hicho hakuna kauri duniani inayoweza kukificha vizuri.

Rangi nayo ina mambo yake. Mteja aliyekulia Arusha, meno yake yana ule udhurungi wa madini ya floraidi ya kwenye maji, anataka jino jipya jeupe pee. Nakuelewa kabisa, lakini jeupe moja katikati ya hayo ndo litakalosema zaidi, kwa hiyo ama tuyang'arishe yote kwanza au nikuchoree mawingu na michirizi hiyohiyo, na mimi naipenda sana hii kazi ya kuchora. Njoo maabara mwenyewe mchana, ukae dirishani, bila lipstiki, picha ya simu ya usiku inanidanganya.

Na wenye mwanya, semeni mapema tafadhali. Briji, yani jino bandia linaloshikizwa kwenye meno ya jirani, inaunganisha jino na jino kwa hiyo mwanya unaziba, ila implanti inasimama peke yake, mwanya wako unabaki pale ulipokuwa. Aliyepoteza yote mawili ya mbele na hana la kufananishia atuletee picha ya zamani anacheka, hata ya kwenye harusi ya shangazi, tutaupima humohumo.