Samaki mpya hajaonekana tangu jana? Mwache kwanza

Ukimtia samaki mpya kwenye tangi la maji ya chumvi halafu leo asionekane, kesho asionekane, usianze kung'oa mawe bana. Najua mikono inawasha, umetoa hela yako, umesubiri tangi likomae, umemleta kwenye mfuko kwa adabu zote na sasa unakodolea macho mawe na konokono tu. Lakini kujificha ndo kazi yake ya kwanza pale, na akiifanya vizuri ndo ana nafasi ya kuishi.

Hebu fikiria alikotoka. Kule mwambani kila tundu lina mwenyewe, na samaki mdogo akionekana peupe hana pa kukimbilia basi analiwa, hakuna mjadala. Sasa huyu kavuliwa, katiwa kwenye mfuko, katikiswa njia nzima gizani, halafu ghafla anamiminwa kwenye maji mengine yenye taa kali na majitu yanayopita nyuma ya kioo. Unategemea atoke akusalimie?

Halafu kuna hili la chumvi ambalo watu wanalipita mbio mbio. Damu ya samaki wa baharini ina chumvi kidogo sana kuliko maji yanayomzunguka, kama theluthi moja hivi, kwa hiyo maji yanamtoka mwilini muda wote na inabidi anywe maji ya bahari kila saa na ile chumvi ya ziada aitoe kupitia matamvua. Wauzaji wengi matangi yao wanayaweka chumvi ya chini, 1.020 au hata chini ya hapo kwenye kile kipimo cha uzito wa maji (chumvi ikizidi, namba inapanda), kwako ni 1.025, ukimrusha tu ndani mwili wake unaanza kupambana na hilo kabla ya kitu kingine chochote. Kupanda chumvi ni kugumu kwake kuliko kushuka, ndo maana mimi napenda kumpima muuzaji maji yake kwanza, na kama tofauti ni kubwa basi tangi la karantini, lile la pembeni la kumtenga mgeni kwanza, naliweka sawa na la kwake halafu napandisha polepole siku kwa siku. Samaki aliyechoka kwa ndani hana muda wa kuja kukuonyesha rangi.

Na wenyeji je? Sisi tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, kwenye tangi ni mgeni njoo mwenyeji akutafune. Kangaja ana kile kiwembe pale mkiani, akiamua kumchukia mtu anampiga nacho ubavuni hadi magamba yanatoka. Damseli ndo usiseme, kasamaki kadogo kama kidole gumba lakini kanajiona kana hati ya tangi zima. Kwa hiyo mgeni akijificha, kabla hujamwangalia yeye waangalie hao wengine, kaa pembeni nusu saa bila kusogea uone nani anapiga doria mbele ya lile tundu. Mara nyingi jibu liko hapo.

Kitu ambacho watu wengi hawakiamini hadi wakione: ukiongeza mashimo unamwona samaki zaidi. Mtu anapunguza mawe ati ili samaki asipate pa kujificha, matokeo yake samaki anajibana kwenye kona nyuma ya pampu, rangi imepauka, hali chakula, na anabaki hivyo hivyo. Mpe matundu mengi ya karibu karibu, akijua popote alipo kuna mlango hatua mbili, anaanza kutembea. Hata kwenye karantini ambako hakuna mawe, tupia vipande vya bomba la plastiki, vinatosha kabisa.

Tena kila samaki ana aibu yake. Wale gobi wembamba weupe wenye mkia mwekundu, Nemateleotris magnifica, unaona kichwa tu kinachungulia tunduni, ule uzi mrefu wa pezi la mgongoni unapanda unashuka, unapanda unashuka, mtu akipita fyuu, hamna kitu. Hivyo ndivyo walivyo hata wakizoea, sema wakizoea wanaelea juu ya tundu lao badala ya ndani yake. Jamii ya Halichoeres wao wanazama mchangani kabisa na wanaweza kukaa huko siku kadhaa, mwenye tangi ameshaanza maombolezo kumbe mwenzake kalala tu, saa yake ya mwilini bado inafuata mchana na usiku wa alikotoka. Hao usiwachimbe kwa mkono jamani, wahakikishie mchanga laini wa sentimita tano hivi basi. Gramma wa zambarau na njano anaogelea tumbo likiwa limeelekea mwamba hata kama mwamba uko juu yake, kwa hiyo ukimkuta kichwa chini miguu juu (angekuwa na miguu) haumwi. Na kangaja wa njano ukiwasha taa asubuhi ukamkuta amefifia ana mstari mweupe ubavuni, hiyo ni nguo ya kulalia, mpe muda kidogo itatoka.

Siku ya kwanza zima taa, au ziache hafifu. Chakula usimwage tangi zima maana wenyeji watakula chote na wewe utabaki na maji machafu. Ninachofanya mimi ni kuwashibisha wale wababe upande mmoja kwanza, wakiwa wamekazana huko nachukua bomba la sindano (bila sindano yenyewe) lenye mrija mrefu, navuta uduvi mdogo wa kugandishwa ulioyeyushwa kwenye maji ya tangi, nasogeza mrija hadi karibu na tundu na kusukuma taratibu mno, punje mbili tatu zipite mbele ya pua yake zikielea na mkondo. Usimlenge, akishtuka umeharibu. Mara ya kwanza anaweza kuziangalia tu zikapita, mara nyingine utaona mdomo unatoka unanyakua unarudi ndani, na hapo mimi huwa napumua, samaki anayekula akiwa mafichoni simwazii tena, atatoka akipenda.

Sasa sisemi kila anayejificha yuko salama. Angalia anavyopumua. Matamvua yakipiga haraka haraka muda wote, au amejiweka karibu na uso wa maji au mbele ya mkondo wa pampu anatafuta hewa, hiyo siyo aibu tena. Vidoti vyeupe kama chumvi iliyonyunyizwa na kujikwaruza kwenye mawe fikiria Cryptocaryon, kimelea cha ugonjwa wa vidoti vyeupe, na hapo ndo utajua kwa nini watu wanapiga kelele kuhusu karantini. Mapezi yakiwa yamechanika, kuna mtu anampiga. Tumbo likiwa limebonyea na hali kabisa, usingoje ngoje. Kumchungulia usiku tumia tochi yenye mwanga mwekundu, samaki wengi wa mwambani hawauoni vizuri, utashangaa huyo uliyedhani amekufa anatembea zake tangi zima.

Na funika tangi. Wavu mwembamba juu unatosha, maana samaki mwenye hofu akikimbizwa na pande zote amezuiwa, anakimbilia juu, na hao gobi niliowataja ni warukaji balaa.

Kama shida ni mbabe, kuna kile kiboksi cha plastiki chenye matundu cha kuning'iniza ndani ya tangi, mgeni anakaa humo siku chache wanaonana bila kugusana hadi yule mwenye hasira achoke kugonga ukuta. Kusogeza mawe wakati wa kumwachia nako kunasaidia kwa sababu mipaka yote inavurugika na kila mtu anaanza upya. Ikishindikana basi mtoe mbabe, siyo mgeni, mweke pembeni wiki moja mbili mgeni ajipatie tundu lake, halafu mrudishe yule. Atarudi tangi limeshagawanywa bila yeye, na safari hii wa kutafuta pa kujificha ni yeye.