Kabla ya kupanda paani: soma kwanza vigezo vya mawimbi kwenye king'amuzi

Skrini ya king'amuzi huandika maneno yale yale, "hakuna mawimbi", kwa makosa manne au matano yasiyohusiana hata kidogo. Eriali imeelekea kwingine, waya umeingia maji ya chumvi, busta imezidisha, masafa yameandikwa vibaya, au mtambo umebadilisha mipangilio yake. Fundi asiyezijua tofauti hizo hupanda paani kwa yote matano. Anayezijua hukaa kwanza mbele ya TV na kujiuliza: hiki king'amuzi kimefika wapi kabla ya kukwama? Kipokezi cha DVB-T2, kizazi cha pili cha mfumo wa TV ya dijitali inayorushwa na minara ya ardhini, hakishiki mawimbi kwa mkupuo mmoja. Hupanda ngazi, na kila kipandio kina ugonjwa wake.

Hakikisha kwanza kwamba ni DVB-T2 kweli. Kenya ilianza na DVB-T, kizazi cha kwanza, mwaka 2009, ikahamia DVB-T2, na analogia ikazimwa 2015. TV za mtumba zenye DVB-T peke yake bado zinauzwa mjini hapa Mombasa, na dalili yake haifichiki: mstari wa nguvu unapanda vizuri, wa ubora uko sifuri, kila chaneli, kila siku. Hapo hakuna eriali itakayosaidia. Nunua king'amuzi cha T2.

Kipandio cha kwanza ni masafa na upana wa chaneli. Hivi viwili kipokezi hakiambiwi na mtambo. Lazima kikisie au uandike wewe. Kwenye UHF, bendi ya masafa ya TV, chaneli ina upana wa MHz 8, na katikati yake hupatikana kwa kuanzia MHz 474, yaani chaneli 21, ukiongeza 8 kwa kila chaneli inayofuata. Chaneli 35 kwa hiyo ni MHz 586. Ving'amuzi vilivyoagizwa kutoka nje mara nyingi huja vimewekwa nchi nyingine, na nchi nyingine maana yake ni jedwali jingine la masafa, pengine upana wa MHz 7. Ukiacha hivyo, utafutaji wa otomatiki utapita juu ya mawimbi mazito kabisa bila kuyaona. Sababu ni kwamba DVB-T2 hupima muda wote kwa kipimo kidogo kinachotokana na upana: kwa MHz 8 ni 7/64 ya maikrosekunde, kwa MHz 7 ni 1/8. Alama ya kuanzia fremu (fungu la data linalorushwa kwa pamoja) huchukua maikrosekunde 224 kwa upana wa kwanza na 256 kwa wa pili. Anayetafuta kitu cha urefu wa 256 hatakiona cha 224 hata kikimpita usoni.

Alama hiyo ya kuanzia huitwa P1, nayo ndiyo sehemu iliyobuniwa kwa akili kuliko zote. Ina sehemu tatu. Ya katikati ina sampuli 1024, yaani vipimo vya mawimbi vinavyofuatana. Iliyotangulia ni nakala ya sampuli 542 za mwanzo wa ile ya katikati, na inayofuata ni nakala ya sampuli 482 za mwisho wake. Nakala zote mbili zimesogezwa kidogo kwenye masafa, karibu kHz 8.9. Kipokezi hulinganisha mawimbi na yenyewe yakiwa yamecheleweshwa kwa sampuli 542 na kwa sampuli 482, kikirudisha ule msogeo wa masafa, kisha huzidisha majibu mawili. Kilele kikitokea, fremu imepatikana. Kwa kuwa nakala zimesogezwa, mawimbi mengine yanayojirudia, kama ya DVB-T, hayatoi kilele cha uongo kirahisi.

Ndani ya P1 mna biti saba tu. Tatu za mwanzo, S1, husema kama hii ni T2 ya kawaida, ni ya antena pacha za kurushia, au ni aina nyingine. Nne zinazofuata, S2, husema ukubwa wa FFT, yaani chaneli imegawanywa katika vibebaji (mawimbi madogo yanayobeba data) karibu elfu ngapi: 1K, 2K, 4K, 8K, 16K au 32K. Kwa 8K na 32K husema pia muda wa kinga (nafasi inayoachwa kabla ya kila alama ili mwangwi wa iliyotangulia usiiharibu) uko kwenye kundi gani, ama lile la 1/32, 1/16, 1/8 na kuendelea, au lile la 1/128, 19/256 na 19/128. Biti saba zimetawanywa juu ya vibebaji 384 kwa marudio mengi, ndiyo maana P1 husikika hata pale ambapo picha haiwezi kutoka kabisa.

Basi P1 isipopatikana, mambo ni machache: masafa au upana si sahihi, mawimbi hayafiki, au yamefika mengi mno. La mwisho husahaulika. Mtu anaishi karibu na mnara na bado kafungiwa busta ya dB 30 (desibeli, kipimo cha kuongezeka au kupungua kwa nguvu) kwa sababu jirani anayo. Busta ikilewa, huzalisha takataka zake zenyewe zinazofunika chaneli zote. Itoe, unganisha waya moja kwa moja, tafuta upya. Ukiwa na mita, mlangoni mwa king'amuzi lenga nguvu ya mawimbi ya dBµV 45 hadi 70. Ukizidi hapo tia kipunguza nguvu cha dB 10, ambacho ni bei ndogo kuliko busta. Minara ya 4G inayorusha kwenye MHz 800 nayo huweza kuilevya busta pana isiyo na kichujio, ingawa chaneli yako iko mbali na masafa hayo.

Kinachofuata ni muda wa kinga kamili. Kipokezi hupima: mwisho wa kila alama ya OFDM (urushaji wa vibebaji vingi kwa pamoja) umenakiliwa mwanzoni mwake, hivyo ukilinganisha kwa kuchelewesha urefu mzima wa alama, upana wa mfanano ndio muda wa kinga. Kwa 32K alama ina maikrosekunde 3584. Kinga ya 1/128 ni maikrosekunde 28, ya 1/16 ni 224, ya 19/256 ni 266. Geuza kuwa umbali kwa kasi ya mwanga upate kilomita 8.4, 67 na 80.

Hesabu hiyo inatosha kuvunja kisingizio kinachopendwa sana Nyali na Kizingo, kwamba "ghorofa zinarudisha mawimbi, yanapita muda wa kinga". Ghorofa gani mjini itakayozidisha njia kwa kilomita nane? Mwangwi wa jengo huchelewa maikrosekunde moja au mbili. Mwangwi huo unachoweza kufanya ni kuchimba mashimo kwenye baadhi ya masafa ya chaneli na kushusha ubora, na dawa yake ni kusogeza eriali mita moja au mbili pembeni. Kinachoweza kupita kinga ni mtambo mwingine wa mbali unaorusha kwenye masafa hayo hayo.

Baada ya P1 huja alama za P2: moja kwa 16K na 32K, mbili kwa 8K, na kuendelea hadi kumi na sita kwa 1K. Zimebeba habari za L1, yaani maelezo ya mipangilio ya mtambo, kwa mafungu mawili. L1-pre ni biti 200, kwa BPSK (namna imara kabisa ya kuyabebesha mawimbi biti) na usahihishaji mkali wa makosa, na ina muda wa kinga, mpangilio wa vibebaji rejea (vya kupimia njia ya mawimbi) kuanzia PP1 hadi PP8, kama vibebaji vimepanuliwa, namba ya seli, namba ya mtandao na namba ya mfumo wa T2. L1-post ndiyo inayotaja kila PLP, yaani kila bomba la data ndani ya chaneli: modulesheni yake (namna mawimbi yanavyobebeshwa biti, kama 64QAM au 256QAM), kiwango cha usimbaji (sehemu ya biti ambayo ni data halisi) kati ya 1/2 na 5/6, na kama nukta za modulesheni hiyo zimezungushwa.

Hapa ndipo ugonjwa wa kawaida unapojionyesha. Bonyeza kitufe cha taarifa mara mbili tatu. Ving'amuzi vingi vitaonyesha masafa, upana, modulesheni na namba ya PLP. Kama 64QAM au 256QAM inaonekana na picha haipo au inakatika vipande vipande, basi kipokezi kimesoma L1 vizuri na kimekwama kwenye data. Eriali inaelekea inakopaswa, masafa ni sahihi. Unachokosa ni dB chache. Kwenye maabara, 64QAM yenye 2/3 huhitaji mawimbi yazidi kelele kwa karibu dB 14, na 256QAM yenye 2/3 karibu dB 18. Nyumbani ongeza akiba ya dB 4 au 5. Ndiyo sababu king'amuzi kimoja, eriali moja, kinaweza kutoa stesheni za mrushaji mmoja safi kabisa na kuzikosa za mwingine: vigezo vyao havifanani, na asiyevisoma atasema king'amuzi ni kibovu.

dB hizo chache huwa zimepotelea wapi? Waya wa RG6 mzima hula karibu dB 17 au 18 kwa mita 100 kwenye MHz 600, kwa hiyo mita 20 ni dB 3 na ushei tu. Waya huo huo ukiingia maji ya chumvi hubadilika. Wavu wa nje huwa kijani au mweusi, na hasara huongezeka zaidi kwenye chaneli za juu. Ukiona chaneli za MHz 500 zinashika na za MHz 650 zimekufa, kata sentimita 10 za waya upande wa paani uangalie rangi ya shaba kabla hujagusa eriali. Kisha fungua kijisanduku cha eriali. Kile kibao kidogo cha kuunganisha waya hula kutu ndani ya misimu michache kwa nyumba za Likoni, Bamburi na kote kunakopigwa na upepo wa bahari. Funga upya kwa kiunganishi cha F cha kubana, zungushia mkanda wa raba unaojishika wenyewe, na acha kitanzi cha waya chini ya kiunganishi ili maji yadondoke yasiingie. Ukitumia eriali isiyo na busta, zima volti 5 za kulisha busta kwenye menyu. Dipole nyingi ni saketi iliyofungwa na king'amuzi kitasoma shoti. Vingine hutoa onyo, vingine hukata tu kimya kimya.

Kwa anayetaka kuona zaidi ya mistari miwili ya rangi, chukua dongo ya USB (kipokezi kidogo cha kuchomeka) yenye chipu ya T2, kama Si2168, uiweke kwenye kompyuta ya Linux. Faili lake la kutafutia chaneli ni fupi:

[JARIBIO]
DELIVERY_SYSTEM = DVBT2
FREQUENCY = 586000000
BANDWIDTH_HZ = 8000000
STREAM_ID = 0

Lisomeshe kwa dvbv5-scan. STREAM_ID ndiyo namba ya PLP. Mtambo ukiwa na mabomba mawili, jaribu 0 kisha 1, maana kuna vipokezi vinavyochukua la kwanza tu na kuliacha jingine. Usinunue zile dongo za RTL2832U zisizo na chipu ya pili kwa kazi hii. Chipu hiyo husoma DVB-T, na kama redio ya programu (inayoiachia kompyuta kazi ya kuyasoma mawimbi) inameza MHz mbili na kitu, wakati chaneli ni 8. Unayetaka kuitafuta P1 mwenyewe unahitaji redio inayofika sampuli milioni 9.142857 kwa sekunde, mfano HackRF. Rekodi nusu sekunde. Fremu ya T2 haizidi milisekunde 250, kwa hiyo kilele kitakuwemo, na umbali kati ya vilele viwili ni urefu wa fremu.

Bahari nayo ina tabia zake. Nyumba ambayo mawimbi yake yanavuka mkono wa maji, kama wa Tudor au Kilindini, hupokea njia mbili: ya moja kwa moja na iliyogonga juu ya maji. Tofauti ya njia hizo ni sentimita kadhaa, kwa hiyo muda wa kinga hauna la kufanya. Chaneli nzima hupanda na kushuka pamoja. Wakati wa bamvua maji hupanda zaidi ya mita tatu, na ile tofauti ya njia hubadilika. Dalili yake ni tatizo linalochelewa kama dakika 50 kila siku na kupoa wakati wa maji mafu. Ukiliona hilo, andika saa siku tatu mfululizo ulinganishe na jedwali la maji. Dawa si busta. Badilisha kimo cha eriali, si kwa shibiri bali kwa mita mbili tatu, au ishushe mahali ambapo ukuta unaikinga na uso wa maji huku mnara ukiendelea kuonekana.

Jambo jingine hutokea jioni za joto, bahari imetulia: nguvu inapanda, ubora unaporomoka. Tabaka za hewa juu ya maji huweza kuleta mawimbi ya mbali, hata ya ng'ambo ya mpaka upande wa Tanga na Pemba, yakaangukia masafa yale yale. Ukitafuta chaneli kwa otomatiki saa hizo, king'amuzi kinaweza kuhifadhi stesheni ambazo asubuhi hazipo. Linganisha namba ya mtandao na namba ya mfumo kutoka L1 na zile ulizoandika siku ya kawaida. Zikitofautiana, futa hiyo orodha na utafute upya kwa mkono, masafa moja baada ya jingine, asubuhi kabla jua halijawa kali.