Chupa ya Chumvi ya Shangazi

Mapema mwaka 2021 nilikuwa karani wa shangazi yangu, mfanyabiashara wa mahindi hapa Busia, upande wa Uganda. Kazi yangu ilikuwa kuandika uzito na kutikisa chupa. Chupa yenyewe ya soda, ya kioo, imekaushwa vizuri: unatia punje na chumvi kavu kidogo, unatikisa, unaacha itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Hapo shangazi hata bei hataji. "Kaanike, mwanangu. Na usianike chini, tandika turubai."

Wenzake walimcheka, na tuseme kweli, hesabu ilikuwa upande wao. Mahindi huuzwa kwa kilo, na maji nayo yana uzito. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 18, ukilikausha hadi 13.5 inayotakiwa na viwango vya Afrika Mashariki, hupungua kilo tano hivi. Nani atakulipa hizo? "Mama, wewe unauza jua," dalali mmoja alimwambia.

Machi 5 Kenya ikapiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Ni sumu ya ukungu. Huioni kwa macho, na kupika hakuimalizi. Biashara ikasimama. Siku chache baadaye marufuku ikalegezwa kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na kila mzigo uwe na cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni.

Chupa haipimi sumukuvu, na shangazi alilijua hilo. Akapeleka sampuli maabara, zikapita. Basi wale wale wa kucheka wakaanza kuja jioni na magunia yao, eti ayauze pamoja na yake, kwa jina lake. Nikatikisa. Chumvi ikaganda kwenye kioo kama ukoko. "Rudini nayo," akasema, akaendelea kufunga magunia.

Mnunuzi wa kinu kimoja cha ng'ambo ya mpaka, ambaye kila msimu alitukandamiza bei kwa simu, safari hii alikuja mwenyewe na bambo lake, kile chuma chenye ncha cha kutolea punje ndani ya gunia. Akachoma gunia la katikati, akamwaga punje kiganjani, akazinusa, akatafuna moja. Ikapasuka ka! Akauliza tuna magunia mangapi. Shangazi akamtajia kwanza bei, ya juu kuliko ya Februari. Jamaa akaguna, akatoa simu, akaanza kutafuta lori.