Zamu ya Mtoto kwenye likelemba yetu

Mguu wa bandia wa mtoto haudumu muda mrefu. Mtu mzima anaweza kutembelea wake miaka 3 hadi 5, lakini mtoto anayekua inabidi abadilishiwe kila baada ya miezi 6 hivi. Mfupa unarefuka, kisiki cha mguu uliokatwa kinanenepa, na ile soketi ya plastiki kinamoingia inaanza kumchubua. Wataalamu wa Msalaba Mwekundu walishakadiria kwamba mtoto aliyekatwa mguu akiwa na miaka 10 atahitaji miguu kama 25 maishani mwake. Hesabu hiyo ndiyo iliyopanga kazi yote ya likelemba yetu, kikundi cha sokoni cha kuchangiana pesa na kuipokea kwa zamu.

Mimi nauza vitenge katika soko la Virunga, hapa Goma, mashariki mwa Kongo. Siku nikiweza kumwachia mtu meza yangu, naenda na wenzangu Shirika la Umoja, kituo cha watu wenye ulemavu kinachosaidiwa na CICR, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Tunapika uji, tunafua, tunamshika mkono mtoto anayejifunza kutembea katikati ya vyuma viwili. Wengi wao wanatoka Masisi na Rutshuru. Kuna waliopigwa na bomu nyumbani, na kuna waliookota guruneti shambani mapigano yakiwa yameshahamia kwingine. Wengi walipasuliwa hospitali ya CBCA Ndosho, jeraha likapona, wakaletwa karakana kupimwa mguu kwa plasta.

Fundi mmoja ndiye aliyetuonyesha pa kushika. “Mama, mguu tutautengeneza. Kazi ni kumwona tena huyu mtoto akishakua.” Nauli ya pikipiki kutoka kijijini, chakula cha mzazi anayemsindikiza, mahali pa kulala wakati mguu unatengenezwa na mtoto anazoezwa: hayo ndiyo yanayowashinda, kwa hiyo mtoto anabaki na mguu mfupi mpaka anautupa na kurudi kwenye magongo.

Sadaka hatukuitaka. Sadaka mtu hutoa akiwa na moyo, na moyo hauji kila wiki. Likelemba ni jambo jingine. Mama anaweza kukosa kanisani miezi mitatu asiulizwe, lakini akikosa likelemba wiki moja, soko zima linajua kabla ya saa nne. Basi nilipendekeza tumwandike Mtoto kuwa mwanachama, awe na zamu yake ya kupokea kama sisi.

Mhazini wetu, mwanamke mzee asiyecheka na pesa, aliuliza papo hapo: “Na huyo Mtoto anachangia nini? Anayekula bila kuchangia tunamwitaje?” Kelele zikawa nyingi siku hiyo. Mwishowe tulikubaliana kila mmoja aongeze franka 500 juu ya mchango wake, na jumla yake ihesabiwe kuwa mchango wa Mtoto. Anachangia, anapokea zamu ikimfikia, jina lake limo daftarini kati ya muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na muuza maharagwe. Hakuna tena wa kusema “mwezi huu sina”, maana kumwangusha Mtoto ni kuiangusha likelemba.

Kitu kilichotusumbua kuliko pesa ni viatu. Ndugu zetu walioko Ubelgiji na Kanada walipopata habari, walituma midoli na nguo za baridi. Tulishukuru, kisha tukawaandikia wazi: tumeni viatu vya kamba, miguu yote miwili, visigino vifupi vya kimo kimoja. Unyayo wa mpira haushiki kandambili, vidole vyake havibani. Na fundi anaupanga mguu kwa kimo cha kisigino fulani. Ukimvalisha mtoto kiatu kilichoinuka zaidi, goti linasukumwa mbele na anatembea kama anateremka mlima. Halafu Goma yetu hii imejengwa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo. Lava inatafuna soli, inatafuna ile mipira ya chini ya magongo, kwa hiyo mipira tunanunua mara kwa mara kuliko kitu kingine chochote.

Wapo waliotaka picha za watoto kabla ya kutuma chochote. Tulikataa. Tuliwatumia picha ya ukurasa wa daftari: motari, yaani dereva wa pikipiki, ametia sahihi, nauli kiasi gani, kutoka wapi. Wengine walinyamaza hapo hapo. Waliobaki bado wanatuma.

Januari 2025 waasi wa M23 waliingia mjini na benki zikafungwa. Pesa ya likelemba hailali benki, inatoka mkono huu kwenda mkono ule, kwa hiyo hatukupoteza, ila biashara ilianguka tukapunguza mchango, wa Mtoto pia. Pigo lenyewe lilikuja Februari, kambi za wakimbizi wa vita za Bulengo na Lushagala zilipovunjwa na familia zikatawanyika kurudi makwao. Namba za wazazi hazikuita tena. Simu zilikuwa zimeuzwa au zimeibwa.

Daftari letu lilikuwa na zaidi ya namba. Kwa kila mtoto tulikuwa tumeandika kijiji cha asili, kanisa wanakosali, jina la shangazi au mjomba, na motari aliyemleta. Tulianza na mamotari, wanajuana barabara nzima. Kisha makatekista, waliotangaza baada ya misa kwamba mtoto fulani anasubiriwa Goma kwa ajili ya mguu. Msichana mmoja alipatikana kwa bibi yake karibu na Sake, mguu umening'inizwa ukutani kwa sababu haukumwingia tena. Alipimwa upya. Wapo ambao mpaka leo hatujawapata, na majina yao hatujayakata.

Mwezi huu zamu ni ya Mtoto. Wanaongojewa wanatoka Kitshanga na Kiwanja, na mmoja wao ni kijana aliyerefuka ghafla, ambaye ametuma ujumbe kupitia motari kwamba safari hii hataki viatu vya kamba, anataka njumu za kuchezea mpira. Fundi amesema zitategemea kimo cha kisigino, azione kwanza. Mhazini amesema njumu hazimo kwenye orodha. Jumatatu tutapiga kura, na mimi nimeshaanza kuwazungukia wauza sambaza.