Siku ya bamvua Matondoni: kalafati asubuhi, mita 200 jioni

Jumamosi, Agosti 23, 2025. Mfungo tano, mwezi wa Safar, unaishia, mwezi hauonekani mbinguni, na maji ni ya bamvua, yanayojaa na kupwa kupita kawaida. Kwa fundi wa vyombo hapa Matondoni, kisiwani Lamu, hayo maji ndiyo yanayopanga siku.

Saa kumi na nusu alfajiri

Maji yamejaa mpaka mashinani mwa minazi. Tuko watu saba kwenye kamba, omo, yaani mbele ya jahazi, imeelekea nchi kavu, na kila maji yakisukuma nasi tunavuta kidogo. Yanapoanza kushuka tunaliegemeza kwa magogo huku na huku, lisije likalala ubavu. Kisha sala, kisha chai na mkate wa mofa.

Saa mbili asubuhi

Maji yamekwenda zake, jahazi limebaki juu ya tope, tumbo lote nje. Nina muda wa kama saa tano kabla bahari haijarudi kulidai. Kazi ya leo ni kalafati, kuziba kwa pamba mshono mmoja unaovuja upande wa kushoto, karibu na mkuku, uti wa chini wa jahazi. Natoa pamba ya zamani kwa kulabu. Inatoka nyeusi, imeoza, inanuka sifa, yale mafuta ya papa. Pamba mpya naisokota juu ya paja, naichovya mafuta, naiweka kwenye mdomo wa mshono, halafu patasi butu inaisukuma ndani taratibu. Kufika kwake kunajulikana kwa sikio. Pamba ikiwa bado legevu, nyundo inatoa mlio mzito. Ikishakaza baina ya mbao mbili, mlio unakuwa mkavu na nyundo inarudishwa mkononi. Marehemu baba alinifundisha kusikiliza huo mlio miezi mingi kabla hajanikabidhi nyundo.

Kafi nalo lina sauti yake, na hivyo ndivyo ninavyowafundisha watoto. Likichapa maji likapiga kelele, nguvu imepotelea juu. Likizama kimya mpaka shingoni ndipo likavutwa, mtumbwi unaruka. Watoto wa hapa wanapiga kafi tangu hawajaota meno ya pili, wanakwenda mikokoni kutafuta kaa na kuni, wanarudi maji yakiwakabili. Hakuna anayeihesabu kazi hiyo kuwa ni mchezo. Mashindano yetu ya Lamu ni ya matanga, ya wanaume wazima, na ya punda. Nayapenda, na vyombo vilivyopita mikononi mwangu vimewahi kushindana humo. Lakini mtoto mwenye kafi hana siku yake.

Saa sita mchana

Kijana anayenisaidia ana simu yenye mtandao, na wiki hii nzima dunia ya mitumbwi iko Milan. Mashindano ya ubingwa wa dunia ya mbio fupi yalianza Agosti 20 na kesho ndiyo mwisho. Italia iko nyuma yetu kwa saa moja tu msimu huu, kwa hiyo wakiwa kazini nasi tuko kazini. Tulikaa kivulini chini ya jahazi tukatazama kwa dakika chache, kabla mtandao haujakatika.

Maji yale ndiyo yaliyonishika. Ni ziwa la kuchimbwa, Idroscalo, lililofunguliwa mwaka 1930 ili ndege za majini zitue. Hayajai, hayapwi. Njia zimepangwa kwa maboya mstari kwa mstari, kila moja upana wa mita 9, na omo ya kila chombo imeshikwa na kikombe kinachozama ishara ikitolewa, asitangulie mtu. Ukiuacha mstari wako kwenda kubebwa na mkondo wa maji ya mwenzio, unaondolewa. Napenda ukali huo. Mtoto akishindwa pale, ameshindwa na mwenzake, hakushindwa na upepo wa kusi.

Saa nane mchana

Mshono umekwisha. Nimepaka deheni kwa kiganja, chokaa na shahamu, na maji yamenikuta nikisafisha mikono.

Saa kumi jioni

Watoto kumi na mmoja wananingoja mlangoni mwa hori, mkono wa bahari, na mitumbwi mitatu, kwa mbio zetu za mita 200. Tumechagua hapa kwa sababu mikoko inakinga kusi.

Kamba yetu ya kupimia njia ina historia. Mara ya kwanza niliipima ufukweni kwa futikamba ya mita 5, mara 40, nikafurahi. Baada ya wiki mbili majini niliipima tena nikakuta imenyooka, imezidi mita 3. Watoto ambao muda wao ulikuwa umeongezeka walikuwa wamepiga masafa marefu zaidi, nami nilikuwa nawaambia hawajajitahidi. Jambo hilo liliniuma. Sasa naipima kila Jumamosi ikiwa imelowa, na madumu ya njano yanayoonyesha mwanzo na mwisho yanafungwa upya.

Bamvua ina mkondo wa kutisha, na mbio zikipigwa maji yanaingia, saa inasema uongo. Kwa hiyo tunangoja yasimame. Namtuma mtoto mdogo kuliko wote atupe jani la mkoko majini, sote tunahesabu mpaka kumi. Likisogea, tunangoja. Leo lilisogea mara nne. Mara ya tano likakaa pale pale, likizunguka polepole, na yule mdogo akapiga kelele, "Ami, yamesimama! Ndooni!"

Hapo tuna kama nusu saa. Vikombe vya kushika omo hatuna, kwa hiyo kila mtumbwi una mtoto nyuma yake, maji kifuani, ameshika tezi mpaka nishushe mkono.

Mpwa wangu ana miaka 14. Tangu Juni anajifunza kupiga kafi kwa goti moja juu ya gunia lililokunjwa, upande mmoja tu mwanzo hadi mwisho, bila kuhamisha, kama wanavyofanya wenzake wa mitumbwi huko duniani. Mtumbwi hauna usukani. Kafi hilo hilo linalosukuma ndilo linalonyoosha njia, kwa kulipinda kidogo mwishoni mwa mvuto. Mwezi wa kwanza alikwenda mikokoni moja kwa moja. Leo alikwenda sawasawa. Dakika 1 na sekunde 38, katika mtumbwi wa mwembe unaobebwa na watu wawili. Mtumbwi wa mbio wa mtu mmoja unaruhusiwa kuwa na kilo 14 tu, huyu mtoto angeuweka begani peke yake.

Alishika madumu ya mwisho akihema, akaniuliza, "Mjomba, nilichapa?"

"Hukuchapa hata mara moja."

Saa moja usiku

Baada ya magharibi watoto wamejaa barazani kwangu. Mtandao wa Milan bado haujarudi, lakini nimehifadhi fainali ya wanawake ya Olimpiki ya Paris 2024, mtumbwi wa mtu mmoja, mita 200. Katie Vincent wa Kanada alitumia sekunde 44.12. Nevin Harrison wa Marekani, bingwa wa Tokyo, 44.13. Nimewaonyesha mara tatu, na kila mara baraza lilinyamaza pale omo mbili zinapokata mstari.

Mama wa mtoto mmoja, aliyekuja kumchukua mwanawe, alisimama akatazama. Akaniuliza tangu lini wanawake wanapiga kafi kwa goti. Nikamwambia Olimpiki iliwafungulia mlango huo Tokyo, 2021. Kabla yake walipewa kayaki tu, ya kukaa na kafi la pande mbili. Alikaa mpaka mbio zikaisha.

Wavulana walitaka Isaquias Queiroz, kama kawaida. Ametoka Ubaitaba, mji mdogo wa mtoni huko Brazili ambao jina lake lahusu mitumbwi, akapata medali 3 katika Rio 2016 na dhahabu Tokyo. Wanampenda kwa sababu ana figo moja, alipoteza nyingine utotoni kwa kuanguka mtini. Hapa kila mmoja amewahi kuanguka mnazini au mwembeni.

Saa tatu usiku

Wameondoka wote isipokuwa mpwa wangu, aliyebaki na kafi lake. Anasema mpini ni mrefu, akipiga goti mkono wa juu unapita kichwa na bega linachoka kabla ya mita 150. Nikampigisha goti sakafuni, kafi mkononi, taa ya simu ikimulika. Anasema kweli. Nimetia alama ya penseli upana wa vidole vinne chini ya ncha. Kesho maji yakipwa nitaukata, na jioni yakisimama tutaulizana na saa.