Nilivyopata mtoto wa kulea hapa Amu (Lamu), na walionishika mkono

Tangu kijana huyu aingie nyumbani kwetu Langoni kila mtu ana swali lake. Wa sokoni ataka kujua nimemtoa wapi, wa kwetu wataka kujua kwa nini nijitie mzigo na wangu washakua, na wale ambao wenyewe wanatamani kulea ndio huja usiku kwa watsapu, dada hebu nambie ulifanyaje. Basi naandika hapa mara moja maana vidole vimechoka.

Kwanza jueni sikumuasili. Kuasili ni mahakamani na mtoto anakuwa wako moja kwa moja, na sisi Waislamu kumbadilisha mtoto nasaba haiko, Suratul Ahzab imesema waiteni kwa baba zao. Mimi namlea kwa muda chini ya ofisi ya watoto mpaka mamake, ambaye ni mgonjwa huko bara, apate nguvu. Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 imeyataja malezi haya, na imeitaja kafala pia, yaani unambeba mtoto jumla lakini ukoo wake unabaki wake. Tena serikali ina mpango wake wa 2022 mpaka 2032 wa kuwatoa watoto kwenye makao ya watoto warudi kwenye familia, kwa hivyo ukienda ofisini usiingie kinyonge kama mwenye kuomba, watu wa kulea ndio wanatafutwa.

Karatasi sitakaa sana. Fomu, barua ya chifu, cheti cha tabia njema cha polisi unaomba kwa eCitizen halafu unaenda kupigwa alama za vidole, kisha afisa anakuja nyumbani aone pa kulala, choo, maji, na nani na nani wanaishi humo. Wetu alikaa na mume wangu kuliko alivyokaa na mimi, ataka kujua kama amekubali yeye mwenyewe au amekubali ili mimi ninyamaze. Nilikasirika kidogo wakati ule lakini ni swali la maana sana, mume wangu ni mvuvi, kukiwa na samaki yeye halali nyumbani, sasa mtoto akiamka usiku analia ni mimi na yeye.

Jambo ambalo ofisi haikuniuliza ila sisi lazima tulijue ni la umahramu, yaani nani wa kukaa naye bila stara kwa kuwa hamuoani. Nilimwendea ustadh wa madrasa kabla mtoto hajaja, akanieleza vizuri bila kunitisha, mtoto wa kiume mdogo hakuna shida, akibaleghe akiwa bado kwangu basi mipaka ya stara inaingia, na kama angekuwa mchanga akanyonyeshwa na mmoja wetu kwa masharti yake ingekuwa hadithi nyengine. Na mirathi hanirithi ila naweza kumuusia ndani ya theluthi. Ulizeni mapema jamani, msingoje mtoto ashakuwa na ndevu.

Sasa tuje kwa yenyewe. Alikuja ana miaka sita, kimya, heshima nyingi mpaka inatia wasiwasi, kila kitu ndio mama ndio mama. Nikasema alhamdulillah mtoto mzuri. Halafu siku moja natandika naona siafu wamepanga mstari mpaka chini ya godoro, nainua, kuna mahamri yamekauka kama mawe, kipande cha samaki wa kukaanga kimefungwa kwa karatasi ya daftari, na maembe mawili yameoza. Hakuiba, ni chakula chake mwenyewe alikuwa anakula nusu nusu anaweka, maana hajui kama kesho kitakuwepo. Mimi ningeanza kuhubiri. Aliyenizuia ni bibi jirani, mwalimu mstaafu, akanambia usimseme hata neno, tafuta mkebe wenye kifuniko ujaze biskuti na tende umuekee kando ya kitanda, mwambie huu ni wako, ukipungua mimi najaza. Wiki za kwanza nilikuwa najaza kila asubuhi, wallahi ule mkebe ulinifilisi, alafu polepole ukaanza kukaa na vitu vyake, saa hizi ana goroli humo.

Na hapo ndio nataka kusema kuhusu usaidizi. Kila anayeingia atakusomea hadithi ya Mtume (s.a.w.) kwamba yeye na mwenye kumlea yatima watakuwa peponi kama vidole hivi viwili, atainua vidole, atakunywa chai, ataondoka. Na huyu wangu wala si yatima, mamake yu hai na tunaongea naye kwa simu! Thawabu nazitaka sana lakini nilikuwa nataka mtu wa kukaa na mtoto nikifua mashuka, maana alikuwa akikojoa kitandani kila siku. Ndio nikaacha kusema "niombeeni dua" nikaanza kuomba kitu chenyewe. Wenzangu wa chama niliwapangia, huyu amchukue madrasa, yule akae naye alasiri nilale. Wakakubali bila maneno, walikuwa wanangoja tu kuambiwa wafanye nini. Pesa hakuna anayenilipa, mjue hilo mapema.

Shule moja ilitusumbua kwa cheti cha kuzaliwa, hatuna, hawamtaki. Nilipiga simu kwa afisa wa watoto nikiwa nimesimama palepale mlangoni, akaandika barua, akapokelewa huku cheti kikifuatiliwa. Hiyo namba ya afisa muiweke karibu, na 116 ya kusaidia watoto pia ni bure.

Mamake sasa amepata nafuu kidogo, afisa amesema tuanze kumpeleka kumtembelea, kwa hivyo tunavuka maji mpaka Mokowe, upande wa bara, na mfuko wa halua. Akirudi kutoka huko hana raha, ananuna, anampiga paka teke, namuacha, siku ya pili amerudi sawa. Watu waniuliza hutaumia akienda kabisa? Nitalia sana, nishamwambia mume wangu ajiandae. Na afisa nishamwambia akiondoka huyu naweza kupokea mwengine, ila anipe nafasi nilale kwanza, na asiniletee katikati ya Ramadhani.