Ufunguo wa jozi umenikesha

Jana nimekesha na nauli za daladala. Kwenye Python, lugha ya kuandikia programu, nilikuwa na kamusi, yaani data ambayo kila thamani (hapa nauli) hutafutwa kwa ufunguo wake; ufunguo wangu ni jozi ya vituo: ("Mbezi", "Posta"). Ndani ya programu ilifanya kazi safi kabisa. Kuigeuza JSON tu, yaani muundo wa maandishi wa kuhifadhi data kwenye faili, ikagoma: TypeError, kosa la aina ya data! JSON haipokei ufunguo usio maandishi. Hata ufunguo ukiwa namba 7, Python huugeuza maandishi "7" kimyakimya, na hilo ndilo linalonitisha zaidi.

Nikaunganisha majina kwa kistari, "Mbezi-Posta". Kikaja kituo chenye kistari kwenye jina lake, usomaji ukavurugika wote. Mwishowe nimeandika orodha, kila safari na vipande vyake: kutoka, kwenda, nauli. Faili limenenepa kidogo, lakini nikilisoma upya napata kamusi yangu ileile.